Tunakesha kwa ajili ya bondia anayekosea

Mpwa wangu ana miaka 19 na kilo 97, na tangu mwaka jana anafanya mazoezi ya ngumi Temeke, kwenye ukumbi uleule nilioanzia mimi. Jioni moja alinikuta kibarazani, akaniamkia, na hata kabla hajavuta kiti akauliza:

"Mjomba, hivi Deontay Wilder anajua ngumi kweli?"

Nikamwambia, kwa kiwango cha bingwa wa dunia, hajui sana.

"Sasa mbona mapambano yake ndiyo yananikosesha usingizi, na ya Wladimir Klitschko huwa nasinzia?"

Nilimjibu kwa kifupi siku ile, lakini swali limenikaa. Nimepigana ngumi za ridhaa miaka sita, na nimetazama uzito wa juu tangu nikiwa mtoto, kwa hiyo nina la kusema kwa yeyote anayejiuliza kama mpwa wangu, hasa kama na yeye anavaa glovu.

Tuanze na huyo Wilder, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Aliingia ukumbini mwaka 2005 akiwa na miaka 20, kule Tuscaloosa, Alabama, akitafuta fedha za kumtunza binti yake aliyezaliwa na tatizo la uti wa mgongo. Miaka mitatu baadaye alikuwa amevaa medali ya shaba ya Olimpiki ya Beijing. Ni safari ya ajabu, na ndiyo inayoeleza kasoro zake. Ile miaka kumi ya utotoni ambayo wenzake waliitumia kurudia hatua moja mpaka mguu ukajua wenyewe pa kukanyaga, yeye hakuipata. Mtazame miguu: mara inapishana, mara imetanuka kupita kiasi. Akirusha mkono wa kulia kwa hasira, mwili mzima unaufuata, na akikosa anabaki amegeuka ubavu, kidevu kiko wazi. Tena kwa uzito wa juu ni mwembamba. Alipokutana na Mwingereza Tyson Fury mara ya kwanza, Desemba 2018 Los Angeles, alikuwa na kilo kama 96 na mwenzake 116.

Lakini ule mkono wa kulia. Usiku ule Fury alimfundisha ngumi kwa sehemu kubwa ya pambano, halafu akaangushwa raundi ya 9, na raundi ya 12 akaangushwa tena kwa namna ambayo sisi tuliokuwa tumebanana kwenye kibanda umiza asubuhi ya Jumapili tulisimama tukijua mambo yamekwisha. Fury akainuka. Jaji mmoja alimpa Wilder, mwingine akampa Fury, wa tatu akatoa sare.

Mpwa wangu aliposikia hayo akasema, basi umejibu mwenyewe mjomba, makosa ndiyo yanayoleta utamu. Hapo ndipo ninapokataa. Mtazame Wilder huyohuyo, Desemba 2023, Riyadh, dhidi ya Joseph Parker. Miguu ni ileile na kidevu bado kiko wazi, lakini mkono wa kulia haukutoka. Raundi baada ya raundi alimwangalia Parker akipata pointi, na majaji wote watatu wakampa Parker kwa tofauti kubwa. Lilikuwa pambano la kuchosha mno. Kama kasoro peke yake ingetosha kutusisimua, usiku ule tungeruka kwenye viti. Kasoro zilikuwepo zote, kilichokosekana ni hatari.

Kwa hiyo jibu langu liko hapa: kosa linasisimua pale tu linapokaa jirani na hatari. Tunakodoa macho kwa sababu kuna mlango uko wazi na kuna mtu anayeweza kuuingia, na huku mwenye mlango naye ana uwezo wa kumaliza kazi kabla hajaingiliwa. Na uzito wa juu ndiko jambo hili linakoonekana wazi kuliko kwingine kote. Bondia wa kilo 52 akikosea analipa kidogo kidogo, pointi hapa, jicho kuvimba pale. Wa kilo 110 akikosea anaweza kulipa lote papo hapo.

Pambano ambalo ningependa kila mtu alitazame kwa makini ni la Wilder na Luis Ortiz, lile la marudiano la Novemba 2019, Las Vegas. Ortiz ni mtoto wa shule ya ngumi ya Cuba, mtu wa mkono wa kushoto, hana haraka, kila hatua ina maana. Kwa raundi sita alimfunga Wilder kabisa, na majaji wote watatu walikuwa wamempa yeye. Mwishoni mwa raundi ya 7 Wilder akapima umbali kwa mkono wa kushoto, akangoja, kisha akatupa wa kulia. Ortiz akaketi chini na hakuwahi kusimama kabla ya hesabu ya kumi.

Nililitazama mara nyingi kabla sijaona jambo moja. Konde lile halikuwa la kuzungusha. Lilinyooka. Miguu ilikuwa imetulia, bega limegeuka inavyotakiwa, na mkono ulipita njia fupi kuliko zote. Kwa raundi sita zile tulishika roho kwa sababu ya kasoro zake, lakini konde lililomaliza ndilo lilikuwa konde lake sahihi kuliko yote ya usiku ule. Wanaosema Wilder alishinda kwa bahati hawakutazama mguu wake wa nyuma.

Upande wa pili yuko Klitschko, bingwa wa zamani kutoka Ukraine, na hapa namtetea, kwa sababu watu wengi humsema vibaya. Alikuwa bondia wa kusisimua sana hapo mwanzo, na kilichosisimua kilikuwa udhaifu wake. Mwaka 2003 Corrie Sanders wa Afrika Kusini alimpiga ndani ya raundi mbili, na mwaka uliofuata Lamon Brewster akamsimamisha raundi ya 5 baada ya Klitschko kuishiwa pumzi. Kocha Emanuel Steward akamjenga upya: jebu ndefu ya kushoto, yaani konde la kunyoosha la mkono wa mbele, umbali, na adui akikaribia anakumbatiwa na kulaliwa kwa uzito. Akatawala karibu miaka kumi. Watazamaji walilalamika, na ni kweli pambano lake na Povetkin, Moscow 2013, lilijaa kukumbatiana mpaka likachukiza. Ila mtu aliyekwisha kulala sakafuni mara hizo ana haki ya kujifunga milango. Sisi tunaotazama tukiwa na chai mkononi hatupigwi.

Utamu wenyewe wa Klitschko ulirudi Aprili 2017, Wembley, mbele ya watu 90,000, usiku wa manane kwa saa zetu. Raundi ya 5 Anthony Joshua alimwangusha, akamfuata kwa pupa, akarusha kila alichonacho bila kupumua. Hilo ni kosa la kiufundi hata kama halionekani kama mguu uliokaa vibaya, maana pumzi ni sehemu ya ufundi. Kabla raundi haijaisha, aliyeangushwa ndiye alikuwa anamsukuma mwenzake. Raundi ya 6 Joshua akaenda chini kwa konde la kulia. Kisha ikaja ile subira ya raundi nne, wanaume wawili wakubwa wakirudi kwenye misingi yao, mmoja akijaza tena mapafu, mwingine akijiuliza kama amalize sasa au asubiri. Klitschko alisubiri. Raundi ya 11 apakati ya Joshua, konde la kutoka chini kwenda juu, ilimnyanyua kidevu, na katika raundi hiyohiyo mwamuzi akasimamisha pambano.

Na usidhani lazima pawepo na mtu anayepigana ovyo. Mei 2024 Oleksandr Usyk alipigana na Fury huko Riyadh, na sioni kasoro kubwa ya kuiandika kuhusu Usyk. Moyo ulitudunda vilevile, kwa sababu Fury alimzidi kimo na uzito kwa mbali, na katikati ya pambano alikuwa anampata vizuri. Raundi ya 9 ilipofika Usyk akamfululiza mpaka Fury akawa anayumba kutoka kamba hadi kamba, mwamuzi akaingia kuhesabu. Shaka ilikuwepo ya kutosha bila mtu kupishanisha miguu.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mwezi uliopita nilipita ukumbini nikamkuta mpwa wangu anapigana mazoezini mikono ikiwa kiunoni, anazungusha ule wa kulia kutoka mgongoni. Vijana wenzake wanashangilia. Nilimwona mtu ninayemfahamu, kwa maana nilifanya hivyohivyo. Mimi niliiga kwa Muhammad Ali. Ali alishusha mikono, na konde likija aliegemea nyuma badala ya kuinamia pembeni, jambo ambalo kocha yeyote angekukemea. Miaka yake ya kwanza kasi ilimfichia. Ila mkono wa kushoto wa kuzungusha ulimpata mara kwa mara: Henry Cooper alimwangusha nao London mwaka 1963, na Joe Frazier alimwangusha nao raundi ya 15, Machi 1971. Mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu picha. Katika pambano langu la tisa niliegemea nyuma, nikapigwa kushoto, na ninachokumbuka baada ya hapo ni maji ya baridi usoni na sauti ya kocha wangu ikiniuliza jina la mama yangu. Wiki mbili kichwa kiliniuma kila asubuhi. Nilirudi ulingoni, lakini sikuwahi tena kuwa bondia yule.

Kwa hiyo nilimtoa mpwa wangu pembeni, nikamwambia maneno ambayo namwambia kijana yeyote. Makosa ya Wilder yanalipwa na mkono ambao huna, na hata yeye mwenyewe deni lilimfikia: Februari 2020 Fury alimsukuma nyuma, akagundulika hajui kupigana akirudi kinyumenyume, na raundi ya 7 kona yake ikarusha taulo kukubali kushindwa. Mashabiki watakushangilia ukipigana mikono chini, lakini hawatakuwepo hospitali. Tazama mabondia wa hatari kadiri upendavyo, uwapende, kesha kwa ajili yao. Ukifika kwenye begi, rudisha mkono shavuni.

Na ushauri wangu kwa anayetazama tu ni mmoja. Zima sauti ya mtangazaji raundi mbili tatu, uache kufuata glovu, utazame miguu. Ukishajua kosa la kila bondia liko wapi, hata pambano lililoonekana kama usingizi linafunguka, kwa sababu unaona mmoja akilitafuta kosa hilo na mwingine akilificha.

Jumapili iliyopita tulikaa na mpwa wangu, simu imeegemezwa kwenye kikombe, tukarudia Wilder na Ortiz bila sauti. Nilinyamaza makusudi. Raundi ya 7 ilipokaribia mwisho, mkono wa kulia ukiwa bado haujatoka, akanishika goti.

"Mjomba," akasema, "mguu wake umetulia."