Muhuri wa risasi wa Papa, tapeli angeweza kuuhamishia barua nyingine?

Swali: Habari mtaalamu. Nasoma historia ya kanisa, nimeona barua za Papa za miaka ya 1200 zina muhuri wa madini ya risasi unaoning'inia kwenye uzi. Sasa nini kingemzuia tapeli kuunyofoa na kuupachika kwenye barua yake feki?

Jibu: Nzuri ndugu. Walifanya kweli, tena hapohapo Roma. Mwaka 1198, Papa Innocent III ndio kwanza kaingia, wakadakwa wagushi wenye mihuri feki, yake na ya Celestine III aliyemtangulia, akaandika kuwatahadharisha maaskofu na kuzitaja mbinu zao mojamoja. Hiyo ya kwako imo.

Iko hivi. Ngozi ya barua inakunjwa kwa chini, inatobolewa palepale kwenye mkunjo, uzi unapita, halafu ncha zake zinaingizwa kwenye kipande cha risasi kinachobanwa kwa nguvu kati ya chapa mbili, upande mmoja Petro na Paulo, wa pili jina la Papa. Risasi ni laini, ikibanwa inaung'ang'ania uzi, kuuchomoa hivihivi huwezi. Kwa hiyo tapeli anaukata uzi kule ndani ya mkunjo pasipoonekana, anauunga kwenye barua yake kwa uzi wa rangi ileile. Mwingine anaupasua muhuri kwa juu, anatoa uzi, anaingiza wa barua feki na kuufunga tena. Wengine muhuri hawaugusi kabisa, wanakwangua maneno na kuandika yao!

Ndio maana mimi naanza na uzi, sio sura za mitume. Chungulia ndani ya mkunjo utafute kiungo. Angalia na aina yake, barua za amri zilifungwa kwa katani, za kumpa mtu kibali au upendeleo kwa hariri nyekundu na njano, basi amri yenye hariri inatia shaka. Kisha soma lugha. Papa anamwita askofu ndugu, wengine hata wafalme anawaita wana, na mtu mmoja hamwandikii kwa wingi, barua ikikosea hapo Innocent mwenyewe alishasema ni ya uongo.

Ila ukikuta upande wa jina mtupu usikimbilie kusema feki. Papa akifa chapa ya jina lake ilivunjwa, ya mitume ikabaki, na aliyechaguliwa ila bado hajawekwa wakfu alitumia hiyo peke yake, kwa hiyo linganisha kwanza tarehe ya barua na siku aliyowekwa wakfu.