Weka na ya kutoa

Mswada wangu wa kwanza wa vichekesho vya mapenzi ulikuwa na hotuba ya ukurasa mmoja na robo. Hamisi, fundi wa nguo, anasimama katikati ya kibanda chake Mombasa, futi imemning'inia shingoni, na kumweleza mpenzi wake Katana kuhusu kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachoharamisha ngono kati ya wanaume: kifungo cha miaka 14, Waingereza waliokileta, na uamuzi wa Mahakama Kuu wa tarehe 24 Mei 2019 uliokiacha kama kilivyo. Kila neno lilikuwa kweli. Tulipousoma kwa sauti sebuleni kwa rafiki, watu tisa na chupa mbili za chai, msomaji wa sehemu ya Katana alianza kuchezea simu kabla Hamisi hajafika kwa Waingereza. Na huyo ndiye aliyepaswa kuambiwa "nakupenda" mwisho wa hotuba.

Nakuandikia wewe unayeanza, uliyeamua kama mimi kwamba wapenzi katika mchezo wako ni wanaume wawili, kwamba watu watacheka, na kwamba hutajifanya huioni nchi wanamoishi. Hayo matatu yanakaa pamoja, lakini hayakai kwa kubanduliwa na kubandikwa. Kipimo ninachotumia sasa ni kimoja: jambo zito liingie likiwa limewazuia hao wawili kufanya kitu. Kuonana, kulala, kula sahani moja, kufika kwa wakati. Ukiling'oa na mapenzi yao yakaendelea bila kujikwaa, basi umelipachika tu, na watazamaji wataliona kama kiraka.

Hotuba nikaifuta. Nikabaki na swali: kifungu cha 162 kinamfanya nini Hamisi siku ya Jumanne, akiwa na gauni la bibi arusi la kumaliza kabla ya Ijumaa?

Jibu halikutoka kwangu. Nilikuwa nimeandika onyesho ambamo Hamisi anatishwa na mtu aliyekutana naye kwenye programu ya simu: tuma elfu ishirini au nakupeleka polisi, na mamako ataona picha. Niliandika Hamisi akitetemeka, akijificha chini ya meza, amejifunika gauni lenyewe, shela na yote. Nilidhani inachekesha. Katikati ya usomaji, mmoja wetu aliweka karatasi chini akatoka nje barazani. Nilimfuata. Yalikuwa yamemkuta, na ameniruhusu kusema hadi hapo tu. Tulikaa kimya, kisha akasema, "Unajua kilichonichekesha miezi baadaye? Aliniambia niweke na ya kutoa."

Elfu ishirini, na ada ya kutolea juu yake. Mtu anakuvunjia maisha na hataki kukatwa shilingi kwa wakala.

Niliomba ruhusa, nikaliingiza. Chini ya meza nikamtoa Hamisi, nikamkalisha kwenye cherehani akishona huku anasikiliza sauti kwenye simu, mguu ukikanyaga polepole zaidi na zaidi. Sauti inatisha, inatisha, halafu inaongeza kwa upole kabisa: "Weka na ya kutoa, bro." Sebule nzima ilicheka, na yule jamaa wa barazani ndiye aliyecheka zaidi. Hofu ya Hamisi hatukuigusa. Ilibaki pale pale mguuni. Kicheko kilikwenda kwa mwenye kuisababisha. Mswada wa kwanza ulimfanya mwenye kuumizwa kuwa kioja, na mimi niliyeuandika sikuona hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nimejihesabu miongoni mwa wema.

Sasa, kwa nini asiende kuripoti? Kutisha mtu ili atoe pesa ni kosa la jinai Kenya. Mtazamaji atajiuliza hivyo hivyo, na hapo ndipo utajaribiwa kuirudisha hotuba. Usiirudishe. Mpeleke kituoni.

Hamisi anafika kwenye kaunta. Afande anafungua kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio, anachomoa kalamu. "Unaripoti nini?" Hamisi anafungua mdomo. Kueleza kwa nini anatishwa ni kujishtaki mwenyewe. "Nimepoteza kitambulisho." Anaondoka na karatasi ya kitambulisho kilicho mfukoni mwake.

Wiki ya pili anarudi. "Leo?" "Simu." Afande anaandika. Simu inalia mfukoni mwa Hamisi. Ni yule yule, anaulizia pesa zake.

Mara ya tatu afande anamwona mlangoni na kukifungua kitabu mwenyewe. "Fundi, leo umepoteza nini?" Hamisi anakaa kimya muda mrefu. "Usingizi," anasema. Afande anacheka. Halafu anaacha kucheka, na kalamu inabaki hewani.

Sikuandika zaidi ya hapo. Wapo waliotaka afande amsaidie, wapo waliotaka amkamate. Nilikataa yote mawili, maana lililo sahihi ni kwamba Hamisi hajui lipi litatokea, na ndiyo maana hasemi. Onyesho zima linachukua dakika nne. Sheria haikutajwa hata kwa jina, na kila aliyelisikia alitoka akiijua.

Wengine watakuambia kwamba ucheshi unapunguza uzito wa mambo. Waulize kuhusu Abunuwasi na sufuria aliyoazima, akairudisha na kisufuria kidogo ndani, akasema imezaa. Jirani mwenye sufuria alipokea vyote viwili kwa furaha. Alipoiazima mara ya pili haikurudi: alisema imekufa. Aliyekubali kwamba sufuria huzaa atakataa vipi kwamba hufa? Pale huwezi kutenga kichekesho na hoja, ukitoa kimoja hakuna kilichobaki. Tamaa ya jirani inahukumiwa na mdomo wake mwenyewe, na msimuliaji hajasema neno.

Nikuonyeshe lile onyesho ninalolipenda kuliko yote, hata kama lilikaribia kunishinda. Mama yake Katana amempata mchumba kwa ajili ya mwanawe. Arusi ni Disemba. Anamleta Katana kupimwa suti, na fundi aliyesifiwa mtaani ni nani? Hamisi. Anazungushia futi mwili anaoujua, mama akiwa kwenye benchi na mahamri yake ya kuuza yamefunikwa kwa gazeti.

"Mabega, 18. Mkono, 25. Kiuno, 30." Hamisi anasita. "Mwezi wa tatu kilikuwa 32."

"Umejuaje?" mama anauliza.

Katana anaangalia dari.

"Fundi hukumbuka kazi yake, Mama."

"Lakini mwanangu, hujawahi kumshonea."

Toleo la awali lilikuwa na Katana akilia na Hamisi akirusha futi. Lilikuwa la uongo, kwa sababu hakuna mtu wa Mombasa anayelia hivyo mbele ya mama na mahamri. Nilipowanyima machozi, namba zikafanya kazi. Mtu amepungua inchi mbili kwa mawazo, na aliyegundua ni yule ambaye hana haki ya kugundua.

Kuhusu mama. Usimfanye jini. Ni rahisi, na utapata makofi ya bure kwa watu wanaokubaliana nawe tayari. Mama huyu amesomesha kwa mahamri. Anachoogopa si kitabu cha sheria. Anaogopa mwanawe kuzeeka bila mtu wa kumchemshia uji. Hofu hiyo na mapenzi ya Hamisi ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili, na ukishaliona hilo utacheka naye, hutamcheka. Yeye pia ndiye aliyenipa utani ambao msomaji wa bara huenda ukampita. Pwani wanawake huitana "shoga" kwa maana ya rafiki wa karibu. Kwa hiyo mama anapokea simu na kupaza sauti, "Shoga! Shoga yangu wewe, umepotelea wapi?" na chai inampalia Katana. Neno moja, kwake ni upendo, kwa mwanawe ni jiwe. Utani huo nimeutumia mara mbili tu katika mchezo mzima. Ya tatu ingekuwa uchoyo.

Na bibi arusi? Nilimsahau. Dada mmoja aliyekuja kwenye usomaji wa tatu aliuliza, "Na huyu binti mnayemdanganya wote, ana jina?" Hakuwa nalo. Niliona haya kweli. Nilikuwa naandika kuhusu watu wanaofutwa, huku namfuta mtu. Sasa anaitwa Dama, amepata nafasi ya kusomea uuguzi, haitaki hiyo arusi pia, na anapokuja kupimwa gauni ndiye anayeng'amua kabla ya wote. Mchezo uliongezeka ucheshi maradufu, kwa sababu sasa kuna watu watatu wanaokwepa arusi moja na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Yule rafiki wa Hamisi mwenye madoido nitampitia haraka. Kama anachekesha kwa sababu tu ya anavyotembea, mtoe. Kama anachekesha kwa sababu ana ulimi mkali kuliko wote chumbani, mbakishe na umpe shida yake mwenyewe.

Mambo ya afya yanahitaji uangalifu wa aina nyingine: usahihi. Nilikuwa na onyesho ambamo Katana anaficha kichupa cha vidonge ndani ya soksi kwa sababu kinalia kama kayamba, na Hamisi anaficha chake ndani ya kopo la vifungo. Mmoja yuko kwenye ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, mwingine anatumia prep, dawa ya kujikinga navyo, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2017. Kila mmoja anamwonea mwenzake huruma kimyakimya. Ni kichekesho cha kawaida cha kutoelewana, na kinasimama kwa sababu ya ukweli mmoja wa kitabibu: anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Nilikaa na muuguzi saa nzima kuhakikisha kila sentensi. Wengi bado wanaandika UKIMWI wa miaka ya 1990, mhusika anakohoa ukurasa wa kumi na kufa ukurasa wa hamsini, na hadhira iliyo kwenye dawa miaka kumi na tano inajiangalia tu. Halafu Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada, vituo vingi vilivyoitegemea vikafunga au kupunguza huduma. Wapenzi wangu walikuwa wanagongana kwenye foleni ya kituo kama hicho. Nililibadilisha: sasa wanagongana mbele ya mlango uliofungwa, kila mmoja akijifanya alikuwa anapita. Linachekesha zaidi kuliko lile la foleni, na linauma zaidi, na sikutamani kulipata kwa njia hiyo.

Utaulizwa kuhusu mwisho. Watu wazito watakuambia mwisho mwema ni kukwepa ukweli. Kenya si hivyo. Mwaka 2018 filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, na nyumbani ikapigwa marufuku. Mwongozaji mwenyewe alieleza kwamba bodi ya filamu ilitaka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku kwa siku saba tu. Fikiria hilo unapoketi kuandika ukurasa wa mwisho: kilichowakera zaidi ni kwamba wapenzi hawakuadhibiwa. Huzuni yao ingesameheka. Kwa hiyo usione aibu kuwapa furaha, ila uipime kwa futi ile ile. Hamisi na Katana hawapati arusi wala nyumba ya ghorofa yenye mandhari ya bahari. Wanapata chumba cha kupanga Kisauni chenye vitanda viwili, kimoja cha kuonyesha wageni.

Jambo la kiutendaji kabla sijasahau: Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inakutaka leseni ukitaka kurekodi filamu Kenya. Mimi nimebaki kwenye usomaji wa sebuleni, kwa mwaliko, simu zote ndani ya kapu mlangoni. Si kwa sababu naona haya. Wasomaji wangu wana waajiri na wenye nyumba.

Onyesho la mwisho nililiandika mara sita. Arusi imevunjika, Dama ameenda chuoni, na mama anakuja peke yake kuchukua suti ambayo haina shughuli tena. Hamisi anaikunjua. Mama anapitisha kidole kiunoni mwa suruali.

"Umeshona 30?"

"Ndiyo, Mama. Ndicho kipimo chake."

"Kifungue. Kiwe 32."

Msomaji wa sehemu ya mama aliniuliza kama mama anajua. Nilimwambia aamue mwenyewe na asiniambie. Usomaji wa kwanza aliitamka akimtazama Hamisi machoni, na wawili watatu wakafuta machozi, nami nikahisi tumerudi kwenye hotuba. Usomaji uliofuata aliitamka akihesabu noti, macho chini, kana kwamba anazungumzia kitambaa tu. Hakuna aliyepumua. Hamisi akapokea pesa, akazikunja, na mama akakaa palepale, mkono umenyooshwa.

"Na chenji yangu?"