Maswali ya wazazi: mimba ya kwanza na kisu

Toleo lililopita niliandika kwamba upasuaji wa uzazi wa kuangaliwa kwa makini zaidi ni ule wa mimba ya kwanza, maana ndio unaoamua mimba zitakazofuata zitapita njia gani. Barua zimekuja nyingi, nami nimechagua hizi sita. Kwa wasionijua, mimi ni mkunga. Nimezalisha wodi ya serikali miaka mingi, kisha nikafanya kazi hospitali ya kibinafsi, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona pande zote mbili.

Shikamoo mama. Mimi na mdogo wangu tulishika mimba za kwanza mwaka mmoja. Yeye alienda serikalini akazaa kawaida, mimi nilienda kibinafsi nikapasuliwa. Ni bahati tu, au huko hupasua zaidi? (Likoni)

Marahaba binti yangu. Kuhusu wewe peke yako siwezi kusema, sikuwapo leba. Kuhusu wanawake kwa wingi wao, ndiyo, huko hupasua zaidi. Nchini Brazil, uchunguzi wa kitaifa wa 2011 na 2012 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 waliozalia kibinafsi, 88 walipasuliwa. Serikalini walikuwa 46, na hata hao ni wengi mno.

Hapo mtu hujibu kwamba wanaokwenda kibinafsi wana umri mkubwa, wana presha, wana sukari. Ni hoja ya kweli, na ndiyo sababu naupenda utafiti wa New South Wales, Australia, uliopitia rekodi za 2000 hadi 2008. Watafiti waliwachambua wanawake wasio na tatizo lolote: umri kati ya miaka 20 na 34, hawavuti sigara, hawana ugonjwa, mimba imetimia, mtoto ni mmoja na ametanguliza kichwa. Kati ya waliozaa mara ya kwanza, waliopasuliwa kibinafsi walikuwa 27 kwa 100, serikalini 18. Waliozaa kwa nguvu zao, bila kisu na bila mtoto kuvutwa kwa vyombo, walikuwa 44 kibinafsi na 64 serikalini. Wanawake walikuwa wa namna moja. Kilichotofautiana ni mlango walioingilia.

Na kwetu Kenya kisu kinapanda. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulihesabu watoto 9 kwa 100 waliozaliwa kwa upasuaji, wa 2022 ukahesabu 17.

Basi ni pesa tu, si ndiyo? (Nakuru)

Pesa zimo. SHA, bima ya afya ya taifa hapa Kenya, imepanga shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Uzazi wa kwanza unaweza kula usiku mzima na nusu ya siku, operesheni huisha kwa takriban saa moja. Mwenye hospitali anaijua hesabu hiyo.

Lakini nilichokiona zaidi ya pesa ni saa. Kibinafsi, daktari bingwa humwahidi mama kwamba atamzalisha yeye mwenyewe, na mama huilipia ahadi hiyo kwa moyo mweupe. Daktari huyo ana kliniki asubuhi, ana wazazi wengine wanne wanaomsubiri, na nyumbani ana watoto. Mimba ya kwanza haina ratiba. Serikalini zamu hubadilika, mkunga wa usiku anampokeza mama mkunga wa mchana, na uchungu unaendelea na safari yake.

Kuna usiku mmoja ambao haujanitoka. Hospitali sitaitaja. Mama wa mimba ya kwanza, njia yake imefunguka sentimita 6, mapigo ya mtoto mazuri, yeye mwenyewe anatembea huku ameshika kiuno. Ikapigwa simu: andaeni chumba cha upasuaji, daktari ana safari alfajiri. Niliandaa. Sikusema neno, na ningepaswa kusema.

Msinielewe vibaya kuhusu serikalini. Huko nimeona mkunga mmoja akihangaika na wazazi saba, na chumba kimoja cha upasuaji kikiwa na foleni. Aliyehitaji kisu akacheleweshewa ana msiba mkubwa kuliko aliyekatwa bila haja.

Nilifika leba na sentimita 3. Baada ya kukaa muda wa saa nane nikaambiwa njia haifunguki, nikapasuliwa. Je, mwili wangu una kasoro? (Kilifi)

Kwa hayo uliyoniandikia sioni kasoro yoyote. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 inahesabu uchungu kamili kuanzia sentimita 5. Kabla ya hapo ni uchungu wa mwanzo, nao hauna muda maalumu. Kwa mimba ya kwanza unaweza kuja na kupoa siku nzima. Kuanzia sentimita 5, kwa kawaida mimba ya kwanza haipiti saa 12 hadi njia ifunguke yote. Ile kanuni tuliyofundishwa sisi wa zamani, kwamba lazima njia ifunguke sentimita moja kila saa, shirika hilo limesema ni ya kasi isiyowezekana kwa baadhi ya wanawake na peke yake haitoshi kuwa sababu ya kupasua.

Kama mtoto alikuwa amechoka, au ulikuwa na homa au unatoka damu, hiyo ni habari nyingine, na faili lako litaonyesha. Kama kilichoandikwa ni "njia haifunguki" tu kwenye sentimita 3, hukupewa muda.

Kwa anayesubiri zamu yake: kama chupa haijapasuka, hakuna damu, mtoto anacheza na hospitali si mbali, uchungu wa mwanzo upitishie nyumbani. Tembea, kula kidogo, lala. Ukiingia leba, nenda na mtu wako. Na mkisikia neno operesheni, ulizeni mambo mawili: mapigo ya mtoto yakoje, na nikiongezewa saa chache kuna hatari gani? Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo.

Mama mkwe anasema aliyepasuliwa hajazaa. Nimjibu nini? (Tanga)

Umekatwa tumbo ili mtoto afike duniani, na siku ya pili ukaamka kumnyonyesha. Umezaa. Mwombe mumeo amwambie mama yake. Hilo si la kukuachia wewe.

Mke wangu anaogopa uchungu. Tuna uwezo wa kulipia operesheni. Kuna ubaya? (Dar es Salaam)

Mwili ni wake na hofu yake ni ya haki, usimcheke. Ila ajue anachonunua. Utafiti uliofanywa katika nchi 22 za Afrika na kutolewa mwaka 2019 ulikuta akina mama watano hivi kwa kila 1,000 waliopasuliwa wakifariki, karibu mara 50 ya nchi tajiri. Wengi wao walikuwa wamefika wakiwa na hali mbaya, kwa hiyo usiichukue kama hesabu ya mkeo. Lakini kutoka damu na maambukizi hayachagui pochi. Na kila kovu linaloongezeka, kondo la nyuma katika mimba inayofuata hupata nafasi zaidi ya kushikana na kovu na kukataa kutoka. Kama mnataka watoto wanne, hilo ni jambo zito.

Kabla ya operesheni, ulizeni kama hospitali ina sindano ya ganzi ya mgongoni ya kupunguza maumivu ya leba. Pengine kinachotafutwa ni hicho tu.

Wa kwanza alitanguliza makalio, nikapasuliwa. Sasa nina mimba nyingine. Naweza kujaribu kawaida? (Malindi)

Inawezekana sana, na sababu yako ya kwanza huenda isijirudie. Kati ya wenye kovu moja la sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi wanaojaribu, 60 hadi 80 kwa 100 hufaulu. Kovu huachia, yaani hupasuka, kwa takriban wanawake 5 kwa 1,000, kwa hiyo zalia penye chumba cha upasuaji na damu, usijaribu nyumbani wala zahanati. Mimba zikikaribiana sana hatari huongezeka.

Jambo la kufanya wiki hii: rudi ulikopasuliwa ukaombe nakala ya maelezo ya operesheni. Kovu la ngozi halionyeshi mfuko wa uzazi ulikatwaje ndani. Nimewapokea wengi usiku, uchungu umekaza, kovu naliona, na ndani palikatwaje hakuna ajuaye.