WD-40 si mafuta ya bunduki

Mkuu, umeuliza kama WD-40, ile dawa ya kupuliza ya kwenye kopo, inatosha kutunza shotigani. Hapana, peke yake haitoshi. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kuondoa maji kwenye chuma na kuzuia kutu. Sehemu kubwa yake ni kiyeyushi kinachoruka hewani, na utando unaobaki ni mwembamba mno. Ukinyeshewa porini ipulizie bunduki, sawa, ila ukifika nyumbani ifute upake mafuta halisi.

Kwa matumizi ya kawaida tafuta CLP, yaani dawa moja inayosafisha, kulainisha na kukinga kutu. Ukitumia kisafishio cha mtutu kama Hoppe's No. 9, kumbuka hicho si kilainishi: pitisha vitambaa mpaka vitoke vikavu na visafi, ndipo upake mafuta kidogo. Shotigani za kukunja, zile zinazovunjwa katikati kuweka risasi, zinataka grisi kwenye bawaba, maana pale chuma kinasagana kwa nguvu na mafuta mepesi hukimbia. Na mafuta ya kupikia achana nayo kabisa, yakikaa yananata kama gundi.

Mwenye gobore utaratibu wake ni mwingine. Masizi ya baruti nyeusi huyeyuka kwa maji ya moto na sabuni, halafu unakausha haraka na kupaka mafuta siku hiyohiyo.

Nasema haya kwa kutunza bunduki ya familia yenye leseni. Toa risasi zote kabla hujagusa kitambaa, na usiache mafuta yametuama kwenye chemba (pale risasi inapokaa), yakipenya kwenye fataki, yaani kiwashio cha risasi, risasi inaweza kugoma.