Mama mkwe hajakuibia watoto, mwanangu

"Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka minane na minne. Tunaishi Goba, kazini kwangu ni Posta. Natoka nyumbani gizani, narudi gizani, na nikifika kila kitu kinanisubiri mimi. Mume wangu anawaogesha tu watoto na kuwakagulia madaftari, basi. Mama yake alikuja kutoka Muheza kwa matibabu, sasa huu mwezi wa tano na hazungumzii kuondoka. Anamkalisha mdogo jikoni kuchambua mchele kama dada wa kazi. Siku hizi nikiingia, watoto wanakimbilia kwake. Sijui amewapa nini. Nakasirika ovyo, usiku nalia bafuni. Nimemwambia mume wangu amrudishe mama yake ili nipate nafasi ya kukaa na wanangu, amekataa. Nifanye nini? Mama Wawili, Goba."

Marahaba mwanangu. Pole kwa uchovu. Goba hadi Posta kwenda na kurudi, foleni ya Dar unaijua, halafu ukute vyombo vya mchana vinakungoja, hiyo kazi inamchosha yeyote. Na hilo la kulia bafuni nimelichukulia kwa uzito wake. Likizidi wiki mbili, au usingizi na hamu ya chakula vikianza kukupotea, nenda hospitali ukazungumze na daktari.

Pole yangu inaishia hapo. Barua uliyoniandikia ni ndefu kuliko hii niliyoichapa, na nimeisoma kwa kituo. Karibu yote ni mama mkwe. Watoto wamepata mistari michache tu, na mgonjwa aliyekuja kwa matibabu hujasema hata anaumwa nini. Miezi mitano mnalala nyumba moja!

Nianze na lile ulilolipenyeza katikati: "Sijui amewapa nini." Najua unaelekea wapi, na nakuomba uishie hapo hapo. Katika nchi hii vikongwe wameuawa, Kanda ya Ziwa hasa, kwa maneno yaliyoanza hivyo hivyo, mdomoni mwa mkwe au jirani mwenye kinyongo. Usilirudie mbele ya watoto wala mbele ya shoga zako.

Alichowapa nakijua, kwa sababu umeniandikia mwenyewe bila kujua. Umelalamika kwamba kila jioni ni makelele ya "Paukwa!" na "Pakawa!" jikoni. Ungo uko kwenye mapaja ya bibi, mtoto anatoa chuya na vijiwe kimoja kimoja, na sungura anamdanganya fisi huku wali ukisubiri kupikwa. Mtoto wa miaka minne aliyepewa kazi ya kweli, pembeni ya mtu asiye na haraka, anajiona ana thamani. Wewe umeona utumwa. Mimi naona malezi, tena ya bure.

Tuje kwenye saa zako. Unasema unaingia saa moja na nusu, watoto wanalala saa nne. Hizo ni saa mbili na nusu kila siku ya Mungu. Zinakwenda wapi? Ukurasa wa pili umeteleza: "nikishamaliza kujibu oda zangu ndio napata akili ya kuwaangalia." Kumbe unauza madera mtandaoni! Sikulaumu kwa biashara, ada hailipwi kwa maneno. Lakini mtoto amekungoja kutwa, umeingia, umekaa kwenye kochi, uso umeinamia simu. Anakuja na mchoro wake, unamwambia "subiri". Anakuja tena, unamfokea. Mara ya tatu haji, anakwenda jikoni kwenye ungo. Mama mkwe angerudi Muheza leo, simu ingebaki mkononi mwako vile vile.

Na kuna kofi. Umelipitisha haraka: mdogo alimwaga uji kwenye sare asubuhi "nikajikuta nimemzaba". Mwanangu, huyo mtoto anaamshwa saa kumi na nusu alfajiri awahi basi la shule. Kalala saa nne. Ni saa sita na nusu! Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka mitatu na minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Huyo hakumwaga uji kwa utundu, alikuwa amelala na kijiko mkononi. Mume wako amekwambia mtafute chekechea ya hapo hapo Goba, ukamwambia anataka kuwarudisha watoto nyuma. Mumeo ana haki kabisa. Kiingereza cha shule ya mbali hakimfaidii mtoto anayesinzia.

Tena huyo mume unayesema anaogesha "tu". Kuna wake wangapi wanaoniandikia wakililia hiyo "tu"! Ndoa za siku hizi zimenitisha. Mke na mume wanapishana getini kama walinzi wanaobadilishana zamu, kila mmoja na chaja yake, mtoto anakabidhiwa dada, dada anamkabidhi katuni. Jumamosi inafika, dhamira inawasuta, wanampeleka Mlimani City akabembee, anapigwa picha na aiskrimu, picha inapanda status, wazazi wanarudi wamechoka kuliko walivyoondoka. Wanauita huo ndio muda wa familia. Mtoto hajaomba Mlimani City. Anataka umtazame anapokusimulia nani alimsukuma kwenye bembea shuleni, na usimkatize. Waliopita walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na hawakumaanisha kulipa ada peke yake.

Basi, kuanzia wiki hii, andika kwenye status kwamba oda zinajibiwa baada ya saa tatu usiku. Mteja wa kweli atasubiri. Simu ikae kabatini mpaka watoto walale, na mdogo awe kitandani saa moja na nusu. Najua ndiyo saa unayofika, kwa hiyo mpaka chekechea ya karibu ipatikane, siku nyingine utamkuta tayari kalala. Itauma, ila Jumamosi na Jumapili ni zako zote. Mkubwa kaa naye wewe, umkagulie daftari huku baba yake akiosha vyombo. Gawaneni hivyo, mwambie kwa upole, kwa jinsi ulivyomweleza hatakataa. Ukishuka kwenye daladala ukiwa umefura kwa ajili ya bosi, zunguka gengeni kwanza, nunua nyanya, pumua, ndipo uingie.

Jumapili keti jikoni na mama mkwe wako, ungo katikati yenu. Muulize kliniki wamemwambia nini na dawa zimebaki ngapi. Mgeni njoo mwenyeji apone, na wewe umepata mlezi asiyedai mshahara ukamgeuza adui. Kumrudisha kwao ni uamuzi wa daktari wake na mwanawe, wewe usiuguse. Mtoto naye mwombe radhi kwa lile kofi, kwa sauti, uso kwa uso. Hutapungukiwa heshima.

La mwisho ni likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 kwa mwaka, na umeniambia za mwaka jana uliziishia Kampala ukifuata mzigo. Safari hii omba Desemba, shule zikifungwa. Wapandishe basi pale Mbezi uende nao Muheza, kama daktari atamruhusu bibi yao muende naye, wakapande michungwa na kuchafuka. Kata tiketi mapema, mwisho wa mwaka mabasi ya Tanga yanajaa. Kampala utakwenda Februari.