Barua za Askofu Munzihirwa

SWALI: Mama yangu akipita Nyawera anafanya alama ya musalaba, anasema ni juu ya Askofu Munzihirwa. Ule alikuwa mtawa ama mwanasiasa? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Mtawa kabisa ndugu yangu, Mjesuiti (wa shirika moja la watawa Wakatoliki), tena alikuwa Askofu Mkuu wetu wa Bukavu. Wakimbizi wa Rwanda walipojaa Kivu toka 1994 yeye hakunyamaza, alikuwa anakamata kalamu anaandikia wakubwa wa dunia, hata Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Amerika, anaomba amani na haki kwa batu wote, ba huku Kongo na ba ngambo Rwanda. Tarehe 29 Oktoba 1996 vita iliingia muji, wengi wakakimbia, yeye akabaki, akauawa pale pale Nyawera. Mama yako anajua kwa nini anasimama, siku moja simama naye.