Kilo tunazotaja na kilo tulizonazo

Swali lenu la wiki hii, mtu akiulizwa uzito wake anasema kweli ama anapunguza, nimelisoma nikiwa kwa cherehani nikaona hili lazima nijibu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Majengo, Mombasa, kupima watu ndio kazi yangu, na kwa ninavyoona wengi hawadanganyi, wanataja tu kilo za zamani, zile za mara ya mwisho kupimwa, na hiyo mara ya mwisho utakuta ilikuwa kliniki ya mtoto ambaye saa hii yuko sekondari.

Wanaume ndio mniskize vizuri. Mteja anaingia anasema fundi, kiuno changu 34, na kweli suruali aliyovaa ni 34, lakini mshipi ameufunga chini ya tumbo, tumbo lenyewe limekaa juu halijahesabiwa. Nikizungusha tepu pale kwa kitovu inasoma 41. Inchi 41 ni kama sentimita 104, na Shirika la Afya Duniani linasema mwanamume akipita 102 (mwanamke 88) hatari ya sukari na moyo imepanda sana. Sasa huyu ndugu yangu miaka yote anajijua ni 34 na anaamini kabisa, kwa nini asiamini na suruali inaingia?

Sisi wanawake nguo zetu ndio zinatuficha, dera halina kiuno, buibui halibani, unaweza kuongezeka mwaka mzima usijue mpaka harusi ifike utoe lile gauni la kubana.

Na watafiti nchi nyingi wameliona hili, wamewauliza watu kwanza halafu wakawapandisha kwa mizani. Wanawake hupunguza kilo, wanaume huongeza urefu, na mtu kadiri alivyo mnene ndivyo anavyopunguza zaidi, halafu namba nyingi zinaishia na 0 au 5. Mtasema kilo mbili tatu ni nini, lakini piga hesabu. BMI, kile kipimo cha uzito kulingana na urefu, ni kilo ugawanye kwa urefu wa mita mara urefu tena. Mwanamke wa mita 1.60 mwenye kilo 80 anapata 31.25, na kutoka 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Huyo huyo akisema ana kilo 74 na mita 1.62 inatoka kama 28, kwa karatasi ameshatoka kwa kundi la unene wa kupindukia na mwili uko vile vile! Ndio maana ule utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 wa magonjwa yasiyoambukiza ulipima watu badala ya kuwauliza, na ukapata karibu wanawake 4 kwa kila 10 wamezidi uzito, wanaume kama 17 au 18 kwa kila 100.

Halafu kuna macho yetu. Hapa Mombasa ukinenepa baada ya ndoa unaambiwa mashallah umenawiri, mume anakutunza, na ukipungua kidogo tu unaulizwa unaumwa nini, mana tumetoka kwa miaka ambayo mtu akikonda alikuwa ashahukumiwa ana ukimwi. Mtu akiwa mnene na mamake, dada zake na majirani wote wako hivyo hivyo basi akijitazama kwa kioo anaona yuko sawa tu, na mwembamba wa afya yake nzuri anajiona mgonjwa anaanza kutafuta dawa za kunenepa, hilo linaniuma sana kwa sababu wengine wanameza vitu vya dukani hata hawavijui.

Kwa daktari usikisie kabisa. Dawa ya nusukaputi inapigiwa hesabu kwa kilo zako, na kutoa damu wanataka uwe na kilo 50 au zaidi.

Kwa hivyo ombi langu ni kwa wanaopanga kambi za matibabu ya bure mitaani. Msiwaulize watu kilo zao mkaandika, wapimeni, na mkiwapima wekeni pazia. Nimeona mizani imewekwa kando ya foleni, kijana anasoma kwa sauti "tisini na sita!" mwenzake aandike, watu wote wanageuka, na akina mama waliokuwa nyuma wakatoka kwa laini moja moja wakaenda zao kabla hata ya kupimwa presha. Andikeni kimya kimya, mumpe mwenyewe karatasi yake.